Futi Yenye Kutu

Barua tatu nimezitandaza kitandani, Changamwe.
Feni inataka kuzipeperusha,
nimezikandamiza kwa futi yangu ya chuma,
ile iliyoliwa na kutu kwenye sentimita ya sabini na tatu,
kila nifikapo hapo hubahatisha.

Mama anauliza mshahara ni kiasi gani.
Namwambia si mshahara, ni posho.
"Posho ni mshahara uliokonda," anasema,
na kuendelea kuchambua dengu.

Ya kwanza ni Nyali. Ghorofa ya sita,
kiyoyozi kinakupiga kofi mlangoni,
sakafu inakuonyesha soli za viatu vyako
kabla hujaulizwa jina.
Bwana Devang ana sauti ya upole na saa nzito.
Aliuzungusha mnara kwenye kompyuta kwa kidole kimoja,
kama mtu anayekagua tikiti sokoni Kongowea.
"Hapa utajifunza ukubwa," akasema.
Nikamuuliza mwanagenzi aliyenitangulia yuko wapi.
Akatazama nje, upande wa daraja.
"Aliendelea."
Hakusema wapi.

Ya pili imetoka kwa Mwakio, Mwembe Tayari,
juu ya duka la vipuri.
Anachora vyoo vya shule na kuta za zahanati.
Hulipa, lakini kwa kuchelewa; alikiri mwenyewe,
na mimi nilimpenda kwa hilo.
Nilipima meza ya mwanagenzi: upana wake sabini na kitu,
pale pale penye kutu.

Ya tatu ni Mji wa Kale. Bi Tima Shee
ana chokaa kwenye kucha, miwani ameifunga kwa uzi.
Hana posho. Ana chakula cha mchana
na ulimi.
Alichukua mchoro wangu bora,
ule uliosifiwa na chuo kizima,
akauliza, "Masika yakija, maji yatapita wapi?"
Nikamwonyesha mfereji.
"Huo ni mstari, mwanangu. Nionyeshe maji."
Nilishuka ngazi zake nikiwa na hasira,
nikafika Makadara ndipo nikajua kwamba nimefurahi.

Lakini barua ya Nyali ina mkia:
malizia mchoro wa majaribio, urudishe Jumatatu.
Nyumba ya mteja, vyumba vitano, bwawa,
na nyuma, karibu na tangi, chumba cha mtumishi,
mita mbili kwa mbili na nukta nne.
Dirisha halikutajwa.
Nilipouliza, kijana wa meza ya pili alicheka bila ubaya:
"Litakula nafasi ya jenereta."

Usiku mama akaja kuazima taa ya simu yangu,
akainama juu ya karatasi.
Hajui kusoma ramani, nilidhani.
Akaweka kidole chenye vumbi la dengu
kwenye kile kisanduku cha nyuma.
"Kitanda hakiingii hivi. Kinaingia kwa kulazwa huku,
na miguu inagusa mlango."
Miaka tisa, Nyevu. Wewe ukiwa kwa bibi, Kaloleni.
Usiku aliuacha mlango nusu wazi,
akauzuia kwa ndoo ya maji,
ili upepo uingie
na mtu asiingie.

Sikuwa na la kusema. Nikasema basi siendi Nyali.
"Nani kakwambia usiende?" Akakasirika kweli.
"Nenda. Wote waliochora hicho chumba
hawakuwa na mama aliyelala humo."

Saa nane za usiku nimesogeza jenereta.
Imekula mita moja ya bwawa.
Dirisha: mita moja kwa moja na ishirini,
upande wa kusini, unakotoka upepo.
Nimelichora kwa wino.

Jumatatu nitawapelekea.
Wakiliacha, nitatia viatu soli mpya.
Wakilifuta, Bi Tima hafungi mlango kabla ya Isha,
na bado sijamwonyesha maji.